Kreti Tulizorudishiwa Muyinga

Nasikia ofisi sasa ina viti vinavyozunguka na mashine ya kahawa. Hongereni. Sisi tulikuwa na benchi moja la mbao na simu moja, na hiyo simu Maman Furaha alikuwa anaifungia kabatini akienda kula, asije akakuta tumemaliza salio kwa kuongea na ndugu zetu. Mnacheka, lakini ofisi hiyohiyo ndiyo iliyopata mtu wa kujenga bweni la kwanza la wasichana. La pili liliezekwa kwa taabu ambayo nataka muijue vizuri, maana la tatu litakuwa mikononi mwenu. Mkurugenzi wenu mpya ameniomba niwaandikie machache kuhusu uhusiano na wafadhili. Machache sina. Nina mengi, na nitayaandika jinsi yanavyonijia, hapa nyumbani Nyamugari, huku wajukuu wakinipigia kelele masikioni.

Kazi yenu ni ileile niliyoifanya mimi mpaka nilipostaafu. Mnawatafuta watu waliosoma chuoni kwetu hapa Gitega, mnajua wako wapi na wanaishi vipi, mnahakikisha hawakisahau chuo, na wakati ukifika mnawaomba. Sikuwahi kuona haya kuomba. Anayeona haya aende akauze viatu sokoni, huko mteja anakuja mwenyewe. Lakini kati ya kuomba na kusumbua kuna njia nyembamba, na nimewaona wasomi wakubwa wakiteleza hapo mchana kweupe.

Aliyenifundisha kazi ni huyo Maman Furaha, Mkongomani wa Uvira aliyekimbilia kwetu na watoto wake, mlokole mwenye sauti ya kujaza kanisa bila kipaza sauti. Mimi nilizaliwa Kigoma, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, nikarudi Burundi mtu mzima. Basi alikuwa ananitania kwamba Kiswahili changu ni cha redio. Siku ya kwanza alinipa namba ya mhitimu mmoja, daktari, akakaa pembeni anisikilize. Nikajitambulisha vizuri, nikaeleza mahitaji ya maktaba, nikashukuru, nikakata simu. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

"We Zuhura," akaniambia, "kwa nini unaanza na shida? Mutu hajakwambia hata kama mama yake ameamuka salama, we unamupa habari ya vitabu!"

Akachukua simu, akampigia yuleyule daktari. Akamuuliza mguu wa mama yake. Akamuuliza kama mvua imefika kwao Buraza na kama maharage yameshika. Wakacheka, akamuombea dua fupi, wakaagana.

"Na ombi?" nikamuuliza.

"Ombi iko njiani. Iache itembee."

Kabla mwezi haujaisha daktari alikuja mwenyewe ofisini kutuuliza maktaba inakosa nini. Tangu hapo nikajifunza kumjua mtu kwanza. Nilijua nani kaoa, nani kafiwa, nani wa Muyinga kahamia Bujumbura na nani kasema amehama kumbe amejificha. Mambo hayo hayakai kwenye kompyuta yenu. Yanakaa kwa mtu anayepokea simu hata kama hana analolitaka.

Makosa tuliyafanya, tena ya kuchekesha. Kuna mwaka tuliitisha mkutano mkuu wa wahitimu Jumamosi ya mwezi wa nane. Mtu yeyote aliyekulia Gitega angetuambia hapohapo kwamba Jumamosi ya kiangazi ni ya harusi. Tulipanga viti ukumbi mzima, tukaagiza mishikaki, akaja mwalimu mmoja mzee ambaye siku hiyo hakuwa amealikwa popote. Alikula kwa moyo mweupe, akatupongeza kwa maandalizi. Wengine wote walikuwa kwenye kumbi za jirani, wanawake wamevaa mivutano yao, vazi letu la sherehe, wanaume wakitoa hotuba. Mimi nikavaa, nikawafuata hukohuko. Harusi moja ya Gitega ilinipa namba za simu nyingi kuliko mikutano yetu yote, na nilikula vizuri pia.

Mwaka mwingine tulimwandikia bwana mmoja mkubwa wa hapa mjini, tukamwita "mhitimu wetu mpendwa". Kumbe alimaliza masomo yote ila kitabu chake cha mwisho hakuwahi kukitetea mbele ya walimu, na shahada hakupewa. Nyinyi mnawajua watu wa namna hiyo, wamejaa nchi nzima. Nikaenda kumuomba radhi kwa kumwita asivyo. Akafunga mlango wa ofisi yake, akaniambia polepole, "Mama Zuhura, bibi yangu ameisoma ile barua, amefurahi sana. Munitumie ingine kila mwaka. Na mi kila mwaka nitawaona." Alitimiza neno lake, kila mwaka bahasha ilifika. Nadhani mpaka leo mkewe hajui, na nyinyi msimwambie.

Sasa nifike Muyinga.

Bweni la kwanza la wasichana lilijengwa na mtu mmoja, Haji Ramazani, mfanyabiashara wa vitenge na magodoro pale Muyinga mjini. Kwao hasa ni Buhinyuza, karibu na mpaka wa Tanzania. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wetu wa mwanzo kabisa, akisoma huku anauza duka. Mnajua wenyewe kwa nini bweni lilihitajika. Msichana anatoka mlimani, kijijini kwao, na alama nzuri, anafika Gitega, anapanga kachumba cha uani kwenye mtaa asioujua, mwenye nyumba anaanza kumgongea mlango usiku, na kabla mwaka haujaisha msichana amerudi kulima. Haji alijenga vyumba na ukuta, akaweka maji, akatupa ufunguo. Hakusema maneno mengi.

Na sisi tulimshukuru vipi? Mkuu wa ofisi wa wakati ule alimchapishia cheti kizuri cha Kifaransa, kikawekwa kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, kikapelekwa Muyinga kwa basi. Maman Furaha alipinga mpaka jasho likamtoka.

"Mutu amekupa ng'ombe," alisema, "we unamutumia picha ya ng'ombe?"

Mkongomani huyo alikuwa ameielewa Burundi kuliko wengi waliozaliwa hapa. Nchini kwetu mtu akikupa ng'ombe hujamaliza naye kwa kusema asante. Siku inafika unaondoka na watu wako, mnabeba vinywaji, mnakwenda nyumbani kwake. Msemaji wenu anasimama mbele ya jirani zake na kusema tulipewa, tukanywa maziwa, tumekuja kushukuru. Msemaji wake anajibu. Kisha mnakunywa pamoja. Kwa Kirundi ni gukenguruka. Hata kama hakuna ng'ombe siku hizi, aliyetoa kitu kikubwa anaingojea siku hiyo, awe mkulima au tajiri, Mkristo au Mwislamu. Haji aliingojea. Tulipomtumia fremu akanyamaza, nasi tukadhani ameridhika.

Miaka ikapita. Maman Furaha akarudi Uvira kulea wajukuu. Bweni la kwanza likajaa mpaka wasichana wanalala wawili kitanda kimoja, tukaanza la pili kwa fedha za shirika moja la ng'ambo. Kuta zilipofika juu, shirika likabadilisha mipango yake, likatuaga kwa barua nzuri. Kuta zikabaki zinanyeshewa. Ndipo baraza la chuo likakaa, likasema kama jengo halijaezekwa kabla masomo hayajaanza, litagawanywa liwe maduka ya kupangisha, maana liko kando ya barabara na wapangaji wapo. Nilikuwa mle ndani wanaposema. Nikatoka nimeuma meno, nikajiambia maduka hayataingia pale nikiwa bado nafanya kazi.

Mkurugenzi wa wakati huo, Bwana Reveriani, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana, amesoma mbali, ana haraka. Alimwandikia Haji kwenye kompyuta mara kadhaa kumuomba mabati, na kompyuta ikakaa kimya. Nikamwambia huyu mtu hatujamshukuru bado, huwezi kumuomba cha pili wakati cha kwanza kiko hewani. Twende kwake gukenguruka. Akakubali, tena akafurahi, akataka kubeba makreti ya bia. Ilibidi nimkumbushe kwamba mwenyeji wetu ameshaenda Makka. Tukabeba soda. Nikampa na sharti moja tu, kwamba siku hiyo hatuombi kitu, hata kikombe cha maji. Akasema nimeelewa, Mama Zuhura.

Mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani, kama mnavyojua taabu hiyo. Tulihangaika kuyapata kidogo kidogo, tukafika Muyinga vumbi limetugeuza rangi. Haji alitupokea uani kwake, mikeka imetandikwa, wazee wenzake wa msikitini wamekaa upande mmoja, wakinamama jikoni. Ana ndevu nyeupe fupi na macho yasiyokuacha. Nilipoona jinsi alivyojiandaa nikajua nilikuwa sahihi. Mtu huyu alikuwa ametungoja muda wote.

Msemaji wetu alikuwa Bwana Reveriani. Alisema vizuri sana. Alitaja bweni, akataja chuo, wazee wakaitikia, kreti zikaletwa katikati. Kilichobaki ilikuwa Haji ajibu na chupa zifunguliwe. Nikaanza kupumua.

"Na kwa kuwa tuko hapa," akasema Bwana Reveriani, akapeleka mkono kwenye mkoba wake, akatoa ramani ya bweni la pili. Nikamvuta shati. Hakuhisi. Akaikunjua mbele ya wazee, akaanza kuonyesha kwa kidole paa linapotakiwa kukaa.

Haji alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akasema kwa sauti ya chini, "Bwana Direkteri, mi nilifikiri mumekuja kunishukuru. Kumbe mulikuja kuniomba, mukaifunika na asante. Haiko mubaya kuomba. Lakini mwenye kuomba habebi vinywaji vya kushukuru, atawadanganya majirani." Akawageukia vijana wake, akazielekezea kidole kreti. "Murudishe kasiye za wageni kwenye gari. Nao muwape chakula, wametoka mbali."

Kama hamkulelewa hapa hamtajua uzito wa jambo lile. Kumrudishia mtu vinywaji vyake mbele ya watu ni kumwambia kwamba hapajatokea kitu kati yenu, ujio wako haupo. Tulikula wali ule bila kuuonja. Njia nzima kreti ziligongana nyuma ya gari, kila shimo linatukumbusha. Nililia kwa hasira, sikujificha. Bwana Reveriani alisema, "Basi, huyu tumemupoteza." Nikamwambia wewe umempoteza, mimi bado. Naye, nimpe haki yake, hakunijibu vibaya.

Siku ya pili nikampigia Maman Furaha Uvira. Nilimweleza yote, nikangoja anipe pole. Hakunipa.

"Ile nyumba ya Haji," akauliza, "nani alipewa?"

"Sisi. Chuo."

"We ulilala mule ndani?"

"Hapana."

"Direkteri alilala?"

"Mama, acha."

"Sasa mulienda kushukuru nini? Kula mutu mwingine, kushukuru mutu mwingine! Tafuta wale waliolala."

Nilikaa na ile simu mkononi kama mtu aliyepigwa kofi, kisha nikacheka. Tulikuwa na picha za bweni, tulikuwa na mahesabu ya bweni, na miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kumwonyesha Haji msichana mmoja aliyelala humo.

Nikaanza kuwatafuta. Nyinyi mngetuma ujumbe kwenye kundi la simu na kungoja. Mimi nilikwenda kwenye harusi, kwenye misiba, nikauliza kwa wauza vitambaa wa soko la Gitega ambao wanajua kila mwanamke mwenye mshahara. Nikampata Jeannine, mwalimu wa hesabu pale Buraza, mwanamke mwenye kicheko kirefu. Yeye akanifikisha kwa wengine, na hao wakanifikisha kwa Goreth, muuguzi wa kituo cha afya cha Buhinyuza. Nikapanda pikipiki kwenda kumwona, kwa sababu ombi la namna ile huliombi kwenye simu.

Goreth alinipokea na koti lake jeupe, tukakaa kwenye ngazi za nyuma. Nilipomaliza kueleza akafurahi kweli. Akasema kila mara anapopita mbele ya duka la Haji pale Muyinga anataka kuingia amsalimie, anaogopa ataonekana mwombaji. Kisha nikamwambia sharti lilelile, kwamba siku hiyo hatuombi kitu. Akaanza kukunja kona ya koti.

"Mama Zuhura, we unamujua mudogo wangu, Espérance?"

Nilikuwa namjua. Alikuwa amefaulu mtihani wa serikali kwa alama nzuri, amepata nafasi chuoni kwetu. Bweni la kwanza halikuwa na nafasi hata ya mkeka. Baba yao alikuwa amekataa katakata binti yake akapange chumba mtaani Gitega, na hakuna aliyeweza kumlaumu.

"Yaani nifike kwa mutu anaweza," akasema Goreth, "mudogo wangu iko nyumbani anangoja, na mi ninyamaze?"

"Unyamaze."

"Iko nguvu, Mama, itanishinda."

"Najua."

"Na kama hatauliza? Na kama hatafanya kitu?"

"Basi tutakuwa tumemshukuru. Alistahili hiyo kabla hatujataka paa."

Goreth akarudi kwa wagonjwa wake, nami nikapanda pikipiki nikiwa sina hakika kama atakuja. Nilijua ninamwomba jambo zito, pengine zito kuliko nililokuwa na haki ya kumwomba. Lakini nilikuwa nimeona kreti zikirudishwa, na sikuona njia nyingine.

Siku ilipofika, akaja. Walikuja wote, wengine na watoto mgongoni. Walinunua vinywaji kwa pesa zao wenyewe, chuo hakikutoa hata chupa. Jeannine alibeba kapu la Kirundi lenye mfuniko wa ncha, ndani kuna unga wa muhogo wa kwao Buraza. Bwana Reveriani alitaka kuja kuomba radhi. Nikamwambia radhi yako iletwe siku yake, leo si yako. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye mkeka wa mwisho karibu na mlango wa jikoni, na sikufungua mdomo ila kwa salamu.

Haji hakuwa amewaita wazee safari hii. Alidhani ni wateja. Alipowaona wanawake wameketi na kreti katikati, akatuma mtoto mbio akawaite wazee.

Goreth akasimama. Alikuwa na hofu, mikono imeshikana. "Haji," akasema, "sisi siyo wa ofisi. Sisi tulilala kwako. Mi nililala chumba cha pembeni, kitanda cha chini, karibu na bomba. Baba yangu aliniruhusu nisome kwa sababu alikuja, akaona ukuta, akaona mulango iko na kufuli. Leo niko muuguzi Buhinyuza. Huyu anafundisha. Yule iko na duka. Tumekuja kukwambia kwamba tulilala vizuri."

Akakaa.

Haji hakumpa msemaji wake nafasi ya kujibu. Aliwauliza mmoja mmoja majina, milima yao, kazi zao, watoto wao. Alipofika kwa Goreth akapangusa uso kwa kanzu. Akatuambia kwamba dada yake, aliyezaliwa naye kwa mama mmoja pale Buhinyuza, aliwahi kwenda kusoma Gitega, akapanga chumba, akarudi nyumbani kabla ya mitihani na hakusema kilichompata. "Nilijenga ile nyumba," akasema, "nikangoja niletewe musichana moja tu aliyemaliza. Mukaniletea fremu."

Wanawake walikuwa wanalia, nami nilikuwa nalia kwenye mlango wa jikoni. Kisha akamtazama Goreth na kumuuliza swali nililokuwa naliogopa.

"Na wadogo zenu? Hawa wa sasa wanalala wapi?"

Niliinamisha kichwa. Ndani ya moyo wangu, nawaambia ukweli, nilitaka aseme. Nilitaka amtaje Espérance, ataje kuta, aitoe ile ramani kama angekuwa nayo. Sharti lilikuwa langu na wakati ule lilinichoma.

"Haji," Goreth akasema, "leo tumekuja kushukuru tu."

Yule mzee akaligeukia kundi la vijana wake, akasema, "Mufungue kasiye."

Tulikunywa. Tulikunywa mpaka watoto wakaanza kukimbizana na chupa tupu. Hakuna aliyetaja paa, na jioni tukaondoka kama tulivyokuja.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wenu mtaharibu. Siku zikapita na Haji hakupiga simu. Mafundi wa maduka wakaja kupima kuta na kamba zao. Bwana Reveriani alikuwa anaingia ofisini kwangu kila asubuhi. "Mupigie, Mama. Umukumbushe kidogo tu." Nikakataa. Akaniambia baraza litanilaumu. Nikamwambia walaumu wote, simu sipigi. Mtu uliyemshukuru leo na kumkumbusha kesho, umemwambia ulimdanganya. Nyumbani sikuwa nalala vizuri. Namba ya Goreth ilipotokea kwenye simu yangu nilikuwa naipokea nikingoja lawama, naye hakuniuliza kitu, alikuwa ananisalimia tu. Hilo lilinitesa kuliko kulaumiwa.

Wiki ya mwisho kabla ya masomo, mlinzi alikuja kuniita. Akasema kuna mzee amekaa kwenye lile jengo, anataka kuniona mimi, hataki mwingine.

Nilimkuta Haji amekaa juu ya tofali ndani ya chumba kisicho na paa, viatu vimejaa tope, anatazama mbingu. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Muyinga, peke yake.

"Zuhura," akasema, "leo mi ndiye niko kwenu. Ninaweza kuuliza, ama bado imekatazwa?"

"Uliza, Haji."

"Hii nyumba inakosa nini?"

"Inakosa bati."

"Na yule muuguzi alikuwa anajua?"

"Mdogo wake ndiye angelala humu."

Akainama, akachukua udongo kidogo kwenye vidole, akautupa. "Alijua," akasema, "na nilimuuliza kwa mudomo wangu, akakataa kuniomba." Akainuka kwa taabu, akanishika bega. "Bati ni langu. Milango wanunue wao, na majina musiandike popote."

Milango waliinunua kina Goreth, kila mmoja kwa uwezo wake, Jeannine akiwa mweka hazina na kicheko chake kikimtoa kila mtu pesa mfukoni. Bwana Reveriani alikwenda Muyinga siku nyingine kuomba radhi, mikono mitupu kama inavyotakiwa, na Haji akamkaribisha wali, safari hii akauonja. Mafundi wa maduka walikunja kamba zao wakaondoka. Espérance alichelewa masomo kidogo, lakini alifika, baba yake amembebea godoro kichwani, akazunguka jengo lote akijaribu kufuli za milango mmoja baada ya mwingine kabla hajakubali kuagana na mwanawe.

Bweni la tatu mtaliomba kwa nani, hilo ni lenu kuamua, na wafadhili wa siku hizi wana mambo yao. Lakini kuna deni moja ninawakabidhi, na sitaki kusikia kwamba lilisahaulika kwa sababu ya mikutano. Espérance anamaliza mwaka huu, yeye na wenzake wote wa chumba kile. Wapelekeni Muyinga Haji akiwa bado hai. Tafuteni mafuta ya gari mapema, wasichana wabebe vinywaji vyao wenyewe, nanyi wa ofisini mkae kwenye mkeka wa mwisho. Na yeyote atakayetoa ramani mkobani, mshusheni Karuzi katikati ya safari, arudi Gitega kwa miguu.